Kimya cha Subira

Shard End, Birmingham
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa Mama Beverly,

Nisamehe kwa kimya changu. Barua yako ya Krismasi imekaa mezani kwangu tangu mwaka haujaisha, na si desturi yangu kuiacha barua ya mtu bila jibu, hata ikiwa imeandikwa kwa haraka kama ile yako. Hii nimeiandika kwa mkono. Mumeo Ngugi ataipiga picha na kukutumia kabla hajaondoka na lori lake kesho. Mimi siandiki kwa kidole gumba.

Pole kwa hali ya mama yako. Tunamwombea kila Alhamisi kabla ya somo la Kilatini.

Ushirika wetu wa masomo unaendelea vizuri. Familia mbili zimejiunga nasi baada ya sikukuu, na moja hutoka Small Heath kwa mabasi mawili ikiwa na watoto watatu, wala haijachelewa. Ukumbi wa kanisa una baridi, kwa kuwa sisi huanza saa tatu na mitambo ya joto huwashwa saa nne. Nimewaambia wazazi kwamba baridi haijawahi kumzuia mtu kukariri. Nyokabi ameshika somo la Kilatini tangu ulipoondoka. Wazazi wengine wote wana somo la kufundisha, kama tulivyokubaliana tulipowatoa watoto wetu katika shule za serikali.

Jambo moja nimelirekebisha. Ulipoondoka mwezi wa Novemba kumuuguza mama yako, mtoto alipokwama katika kukariri, mzazi yeyote alimtupia neno kama mtu anayemtupia kuku punje. Nimelikomesha. Sasa tuna Kimya cha Subira. Mtoto akikwama, hakuna anayemkumbusha. Wenzake hukalia mikono yao, wazazi vilevile, na wote humtazama mpaka akumbuke mwenyewe. Kisha huanza tena tangu mwanzo. Neno ulilopewa ni la kuazima. Neno ulilolitafuta ni lako.

Beverly ana kumbukumbu njema. Anawajua wafalme wa Yuda wote kwa mfuatano. Hata hivyo amezuka na tabia mbaya. Hukata sentensi katikati, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Nikimwita, hanijibu. Halafu huendelea, na nikimwuliza alikuwa wapi, husema hakwenda popote. Huo ni uongo, na uongo wa mjukuu wa mwalimu ni mzito kuliko wa mtoto mwingine.

Yeye ndiye atakayefungua Siku ya Kukariri, tarehe 27 Machi, mbele ya familia zote na majirani waalikwa. Kufikia hapo tabia hiyo itakuwa imemtoka.

Baba mkwe wako,
Bethuel


Nyamira
25 Januari 2025

Baba,

Salamu nyingi kutoka huku. Nimeipata barua, Ngugi aliipiga picha ikiwa imepinda lakini nimeisoma yote. Mama anakusalimu. Upande wa kulia bado hausogei, ila mdomo umerudi. Jana aliniuliza kama yule mzee wa Kilatini bado anakula ugali kwa uma. Nilimwambia siku hizi anakula kwa uma na kisu. Alicheka mpaka nikaogopa.

Baba, nilitia sahihi sheria za Ushirika, sikatai. Hiyo ya kukalia mikono haikuwemo.

Nilipompigia Beverly Jumapili aliniambia maneno matatu tu: ndiyo, hapana, na Guka yupo hapa, akimaanisha wewe babu yake. Unajua mtoto huyo akinipata kwenye simu hunisimulia hata ndoto za paka wa jirani. Naomba akiongea nami, wewe ukae chumba kingine. Si kwa ubaya. Mtoto wa miaka tisa aliyeachwa na mama yake ana mambo ya kusema ambayo hayahitaji kusahihishwa.

Na hiyo tabia ya kunyamaza, nieleze vizuri. Akinyamaza hukaa kwa muda gani? Macho yanafanya nini? Huwa anaangusha kitu alichoshika? Anauliza mahali alipofika? Ninakuuliza kama muuguzi, si kama mama, ili usikasirike.

Mwanao,
Kwamboka


Shard End, Birmingham
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Mama Beverly,

Umeniuliza kama muuguzi, nami nakujibu kama mwalimu, kwa mpangilio ule ule wa maswali yako.

Kimya chake ni kifupi. Mtu angeweza kumeza mate mara tatu au nne. Macho huelekea juu kidogo, na kope hupepesa upesi kama za mtu aliyeingiwa na vumbi. Kalamu imewahi kumponyoka. Haulizi mahali alipofika. Haanguki, halii, wala hatokwi na povu. Akirudi huendelea, wakati mwingine akiwa ameruka neno moja, jambo linalonithibitishia kwamba alilifikiria kimoyomoyo na akakataa tu kulitamka. Hutokea zaidi asubuhi. Kwa sababu hiyo nimeanza kumwamsha saa kumi na moja, ili ukaidi umtoke kabla hatujaondoka nyumbani.

Alhamisi iliyopita alisimama juu ya kiti, kama wafanyavyo wote, akakwama kwa Yehoshafati. Tulikalia mikono. Akaanza tena, akakwama kwa Asa, ambaye anamtangulia. Akaanza tena. Watoto walikosa chai yao, nami niliwaeleza kwamba anayenyamaza huwaibia wenzake wakati. Walimtazama vizuri zaidi baada ya hapo.

Nyokabi alichezesha midomo. Nilimwona. Nikamwuliza, "Mama Tevin, unamlisha?"

Akasema, "Mwalimu, ni mtoto wa miaka tisa."

"Na Samweli alipoitwa alikuwa na mingapi?"

Familia yake sasa inakaa benchi la nyuma hadi Pasaka, na hakuna anayezungumza nao wakati wa chai. Tevin alilia. Haikuwa vibaya, Beverly aliona kwamba kimya chake kina gharama kwa wengine.

Jirani yetu Jasumati, yule mjane wa Kisumu, aliniita juu ya ua juzi. "Mwalimu, mbona mtoto anasoma kabla ya jogoo kuamka?" Nikamwambia Shard End haina jogoo. "Iko moja," akasema, "inakaa nyumba yako." Mwanamke huyo hana kazi. Hata hivyo nimemwalika Siku ya Kukariri, aone.

Kuhusu simu, sioni sababu ya mimi kuhama chumba katika nyumba ambamo sina siri.

Baba mkwe wako,
Bethuel


Nyamira
Jumatatu, 10 Februari 2025

Baba,

Nimeisoma barua yako nikiwa kando ya kitanda cha Mama, na ilinibidi nitoke nje.

Huo si ukaidi. Nadhani ni kifafa. Kuna kifafa cha watoto ambacho mtoto haanguki wala hatokwi na povu. Anazimika tu kidogo, kama umeme unapokatika na kurudi. Umekieleza vizuri kuliko madaktari wengi ninaofanya kazi nao: kope, macho kwenda juu, kalamu kuanguka. Wakati huo hakusikii. Hayupo. Akikuambia hakwenda popote anasema kweli, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kwamba aliondoka.

Kwa hiyo nakuomba. Mpeleke kwa daktari wiki hii, na uichukue barua yako ya jana ukamsomee. Mwache alale mpaka atosheke. Kukosa usingizi humchochea, na akichochewa sana anaweza kuangushwa na kifafa kikubwa. Asisimame juu ya kitu chochote. Na mtoe kwenye Siku ya Kukariri. Atakariri mwaka ujao, akishapata dawa. Wafalme wa Yuda hawaendi popote.

Nimempigia Ngugi akiwa njiani kwenda Uskoti. Amesema, "Nitaongea na Baba." Tangu tuoane amesema hivyo mara nyingi, nami bado nangoja hata mara moja. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Ningepanda ndege leo. Lakini Mama ameacha kumeza tangu Jumamosi, analishwa kwa mrija, na mimi ndiye binti pekee. Nimegawanyika kati ya anayeondoka na anayekua. Wa pili yuko mikononi mwako, Baba. Usinifanye nijute kukaa na wa kwanza.

Kwamboka


Shard End, Birmingham
Jumapili, 16 Februari 2025

Kwa Mama Beverly,

Barua yako imepokelewa na kusomwa.

Niliongoza shule kwa muda mrefu kuliko umri wako, na watoto wenye kifafa nimewaona. Tuliwalaza kivulini na kuwatia kijiko kati ya meno. Beverly hafanani nao. Nakuonya usimpe mtoto jina la ugonjwa, maana akipewa atalivaa kila penye kazi, na hatalivua tena. Na kama kweli hayupo anaponyamaza, kama usemavyo, basi hadhuriki kwa kusubiriwa.

Daktari ataonwa baada ya Pasaka.

Ombi lako kuhusu Siku ya Kukariri linagusa utaratibu wa Ushirika, na mimi si mtawala wa peke yangu. Nitaliweka mbele ya wazazi. Utaandikiwa uamuzi ukishafanyika.

Bethuel


Nyamira
15 Machi 2025

Baba,

Mama ametuacha jana mchana. Alikuwa ameshika kidole changu kwa mkono wake mzuri. Tutamzika Jumamosi ya tarehe 29, ndugu zangu wa Mombasa na wa Qatar wakishafika. Nitapanda ndege siku inayofuata.

Ngugi ameniambia kwamba mmemtoa Beverly kwenye kukariri, na kwamba siku hizi analala mpaka saa moja. Nililia kwa shukrani, Baba, hapo hapo kwenye foleni ya kununua vitambaa vya jeneza. Najua haikuwa rahisi kwako kubadili ulichopanga. Nilikuwa nimekuwazia vibaya. Mungu akubariki.

Mwambie Beverly nyanya yake hakuumia mwishoni. Mwambie kwa Kiswahili, ataelewa, hata akikujibu kwa Kiingereza.

Mwanao,
Kwamboka


Shard End, Birmingham
18 Machi 2025

Kwa Mama Beverly,

Pokea pole zangu na za Ushirika wote. Mama yako alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema, na sikumchukia kwa habari ya uma.

Beverly nimemwambia. Aliniuliza kama bado unakuja. Nimemjibu kwamba unakuja.

Kuhusu mengine uliyoyataja, kila kitu kitafanyika kwa utaratibu. Usijisumbue nayo wakati wa msiba.

Bethuel


Shard End
28 Machi

Mama Beverly,

Mimi Jasumati, jirani. Kiswahili yangu ni ya dukani Kisumu, usicheke. Namba yako Nyokabi alinipa. Najua uko na msiba na kesho unazika mama, lakini nimeona nikuandikie kabla ya bwana yako kukupigia. Yeye atakuambia mtoto aliteleza. Hakuteleza.

Jana Mwalimu alitualika sisi majirani. Ukumbi ilikuwa imejaa. Beverly alivaa gauni ya bluu, nywele imesukwa vizuri, mimi nikafurahi. Akapanda juu ya kiti, na kiti iko juu ya jukwaa. Akaanza wale wafalme. Sauti yake nzuri sana. Halafu akanyamaza, macho ikaenda juu. Mara moja watu wote wakakalia mikono. Mama Beverly, wote, mpaka watoto wadogo. Mimi nilifikiri ni sala.

Mwalimu akasema, "Tangu mwanzo." Akaanza. Akanyamaza. "Tangu mwanzo." Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu sana, mpaka watu wa chai walifika na vikombe na wakasimama mlangoni. Nikamwuliza Nyokabi, "Kwani hamwezi kumsaidia?" Akasema, "Haturuhusiwi, Mama. Nikimsaidia watazidi kunisusa." Machozi inatoka na bado amekalia mikono.

Nikasimama, nikasema kwa nguvu, "Teremsha huyo mtoto." Mwalimu akaniambia, "Dada, wewe ni mgeni hapa." Mimi nikaanza kutembea kwenda mbele. Lakini magoti yangu unaijua. Sikufika.

Alianguka mzima mzima, kama ubao. Uso ikapiga ukingo wa jukwaa. Halafu akaanza kutetemeka pale chini, damu mdomoni. Watu wakainuka. Na Mwalimu akanyoosha mkono, akasema, "Mwacheni. Ataanza tena."

Hayo nilisikia mimi mwenyewe, na kila mtu alisikia. Wengine wakakaa tena, Mama Beverly. Wakakaa.

Mimi ndiye nilipiga simu ya gari la wagonjwa. Nilienda naye. Ametoka meno mbili za mbele na amevunjika kifundo cha mkono. Daktari wanasema ni kifafa, na wameuliza kama kuna mtu aliona dalili mbele. Bwana yako alifika jioni. Akaangalia chini. Nikamwuliza, "Ulijua?" Akasema, "Baba alisema ataongea na wazazi." Nyokabi anasema hakuna mzazi aliambiwa.

Mtoto ameamka. Analala na mkono wangu. Ameuliza kama ni lazima aanze tena.

Zika mama yako kwanza. Mimi niko hapa.

Jasumati


Shard End, Birmingham
Jumapili, 15 Juni 2025

Kwa Mama Beverly,
Small Heath

Tangu ulipokuja kuchukua nguo za mtoto na kumwacha mume wako mlangoni, sijapata neno lolote kutoka kwako. Anwani hii nimepewa na Ngugi, ambaye naye huniletea chakula na kuondoka bila kuketi. Nadhani imefika wakati mambo yasemwe kwa maandishi.

Nilifuata kanuni za Ushirika ambao wewe mwenyewe ulitia sahihi kujiunga nao. Wazazi wanasema hawakusomewa ombi lako. Ni kweli. Niliona kwamba mjadala ungewagawa karibu na Siku ya Kukariri, nami nikachukua jukumu hilo. Kama Ngugi alikuambia vinginevyo, hilo ni baina yako na mumeo. Mimi sikukuandikia uongo wowote. Barua zangu unazo, zipitie.

Ninasikia Jasumati anawaeleza watu kwamba nilisema mtoto aachwe. Nilisema hivyo kwa sababu sikujua kilichokuwa kikitokea. Mtu hawezi kulaumiwa kwa asichokijua.

Kuhusu meno, nilidhani yalikuwa ya utotoni.

Familia zimeondoka, moja baada ya nyingine. Nyokabi amewapeleka watoto wake shule ya serikali. Ile ya Small Heath ndiyo ilibaki mwisho, nayo ikaacha kuja bila kuaga. Kila Alhamisi bado nafungua ukumbi saa tatu, kwa kuwa tumeulipia hadi mwisho wa mwaka wa masomo na si sawa kuuacha umefungwa. Kiti kile nimekiweka stoo.

Beverly ni mjukuu wangu pekee. Ana kitabu chake cha Kilatini hapa, na koti lake la mvua. Ngugi anasema ni lazima mimi nimwambie jambo fulani kabla hujaniruhusu kumwona. Ninamwuliza ni jambo gani, anasema, "Baba, wewe fikiria." Mimi si mtu wa mafumbo. Niandikie waziwazi ni nini hasa mnachotaka nimwambie mtoto, nami nitakuja nimwambie.

Bethuel


Small Heath, Birmingham
Jumapili, 22 Juni 2025

Baba,

Barua yako nimeipokea na kuisoma. Barua zako nyingine pia nimezipitia, kama ulivyoniagiza. Ni kweli, hakuna uongo ndani yake. Daktari wa Beverly alizisikia zote nilipomtafsiria, na ile ya tarehe 9 Februari aliomba kuisikia mara mbili. Alisema hajawahi kuona mtu akiona vizuri hivyo na kutojali vizuri hivyo. Unasema mtu halaumiwi kwa asichokijua. Hicho ulikijua kwa wino wako mwenyewe, na mimi nilikutajia jina lake.

Meno hayakuwa ya utotoni. Hayataota mengine.

Beverly anakunywa dawa asubuhi na jioni. Vile vimya vimekaribia kuisha. Anasoma shule ya hapa karibu, tunatembea naye hadi getini kupita maduka ya Coventry Road, na mwalimu wake analalamika jambo moja tu, kwamba haachi kuongea. Anaongea darasani, anaongea akitafuna, anaongea chooni mlango ukiwa umefungwa. Usiku akipitiwa na usingizi huwa katikati ya sentensi. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia kwamba akinyamaza, watu watakalia mikono.

Mimi nimeacha zamu za usiku, kwa sababu ni lazima awepo mtu wa kumjibu.

Nilimwambia kwamba Guka anaomba kuja. Hakukataa. Aliniuliza, "Akija ataniambia nini?" Nilimjibu kwamba sijui. Akafikiri, halafu akasema basi tungoje tuone kama utakumbuka.

Umeniomba nikuandikie hilo neno waziwazi. Unalijua, Baba. Ni neno moja. Uliniandikia mwezi wa Januari, likiwa la kwanza kabisa katika barua, kwa sababu barua yangu ya Krismasi ilikuwa imekaa mezani kwako bila jibu. Kwa ajili ya barua lilikujia upesi. Kwa mtoto mwenye damu mdomoni bado linakukwama, na huu ni mwezi wa tatu.

Sitalitaja. Ngugi nimemkataza kulitaja, na safari hii ametii mtu mwingine asiyekuwa wewe. Jasumati naye yuko tayari kulipiga kelele juu ya ua, nimemwomba aache. Neno ulilopewa ni la kuazima, ulinifundisha mwenyewe. Kwa hiyo tafuta. Ukidhani umelipata, liandike, si kwangu, kwake. Akiona silo, utaanza tena tangu mwanzo.

Sisi tumeketi, Baba. Tumekalia mikono, na tunakutazama.

Mwenye kuamua ni Beverly. Akishaamua, nitakuandikia.

Kwamboka